Mhakiki wa Muziki Haulizwi Ametunga Nini

Kila inapotajwa kazi ya mhakiki wa muziki wa klasiki, yaani mtu anayewapimia wasomaji ubora wa tungo na maonyesho ya okestra, opera au piano, huzuka swali lilelile: yeye mwenyewe ametunga nini? Nyuma ya swali hilo kuna imani kwamba mhakiki ni mwanamuziki aliyeshindwa, ambaye baada ya kukosa jukwaa huwaandama waliolipata. Imani hiyo ni potofu, na inasikitisha kuisikia hata kwa watu waliosomea muziki.

Sehemu ya lawama inamwangukia Richard Wagner. Katika opera yake Die Meistersinger von Nürnberg, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Munich mwaka 1868, yumo karani Beckmesser, anayetia alama za chaki ubaoni kwa kila kosa la mwimbaji mwingine, kisha anaaibika mbele ya umati anapoimba mwenyewe. Katika rasimu ya mwaka 1861 mhusika huyo aliitwa Hanslich, jina lililomlenga waziwazi Eduard Hanslick, mhakiki mashuhuri wa Vienna.

Hanslick halisi hakuwa hivyo. Alizaliwa Prague mwaka 1825, akajifunza piano, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1849, akawa mtumishi wa serikali huku akiandikia magazeti, hadi kitabu chake cha mwaka 1854 kuhusu uzuri katika muziki kilipomfungulia njia ya kufundisha Chuo Kikuu cha Vienna. Mwaka 1846, akiwa kijana, alichapisha uchambuzi mrefu wa kuisifu opera Tannhäuser ya Wagner huyohuyo. Kilichowatenganisha baadaye ni hoja ya msingi, kwa kuwa Hanslick alishikilia kwamba maudhui ya muziki ni maumbo ya sauti zilizo katika mwendo, wala si hisia au hadithi ambazo msikilizaji huzibandika juu yake. Alikosea pia, tena vibaya, kama mwaka 1881 alipoishambulia Konseto ya Fidla ya Tchaikovsky. Lakini kosa hilo lilitokana na dharau yake kwa kilichoonekana kwake kuwa ushenzi wa Kirusi, na utunzi usingemponya. Kwa upande mwingine, Schumann alihariri jarida la muziki mjini Leipzig kuanzia miaka ya 1830, na Berlioz aliandikia gazeti la Paris hadi mwaka 1863, wote wawili wakiwa watunzi wa daraja la kwanza, kwa hiyo nadharia ya kushindwa haina pa kusimama.

Swali la haki ni kama mhakiki anasoma noti na kusikia kilichopigwa. Katika sehemu ya kwanza ya Simfonia ya Tano ya Beethoven, wito unaotangulia dhamira ya pili hupigwa na horni. Unaporudi baadaye, Beethoven aliwaandikia wapiga fagoti, ala ya mbao yenye sauti kavu zaidi, kwa sababu horni za enzi zake hazikuwa na valvu, na zile zilizoandaliwa kwa ufunguo wa Mi bapa zisingeweza kuutoa wito huo katika ufunguo wa Do. Baadhi ya viongozi wa okestra huurudisha kwa horni za kisasa, wengine huyafuata maandishi. Mhakiki asiyetambua kilichochaguliwa jioni hiyo hana la kumwambia msomaji, hata kama ametunga simfonia kumi.

Maarifa ya aina hiyo hutoka katika muzikolojia, yaani uchunguzi wa kitaaluma wa muziki, ambao Guido Adler, aliyekuja kumrithi Hanslick chuoni, aliugawa mwaka 1885 katika tawi la historia na tawi la kanuni na nadharia.

Anayetaka kazi hii basi ajifunze nadharia ya muziki na ala moja kwa miaka, asikilize huku noti zikiwa mezani, ajue Kijerumani, Kifaransa au Kiitaliano cha kusomea nyaraka, na aandike kila wiki chini ya mhariri mkali. Shahada za muziki zinapatikana katika Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na jiji la Arusha, na katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mshahara wa gazeti pekee ni nadra kutosha, hivyo ufundishaji, uhariri wa noti, vipindi vya redio na uandishi wa maelezo ya programu za maonyesho vipangwe tangu mwanzo.