Ekegusii Chatunza Sauti za Kale

Mtu wa pwani aliyefika soko la Kisii husema ataka mafuta. Mama auzaye, akisema na jirani yake kwa Ekegusii, huyaita amaguta. Maneno hayo mawili ni neno moja, lililogawanyika zamani sana. Sauti imebadilika mahali fulani njiani, na wataalamu wa lugha waweza kusema ni ipi, ingawa wahenga waliolitamka neno lenyewe hawakuacha hata herufi moja.

Yawezekanaje kujua matamshi ya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita? Swali hili liliwasumbua wale waliochunguza maandishi ya Misri ya kale. Wamisri waliandika mno, juu ya mawe, makaburi na karatasi za mafunjo, lakini mwandiko wao ulitunza konsonanti tu na kuziacha irabu. Neno la kusema “nzuri” liliandikwa kwa sauti tatu, n, f na r. Wataalamu husoma “nefer”, lakini zile e wamezitia wenyewe ili neno litamkike. Hazikutoka kwa Mmisri yeyote.

Mwaka 1822 Mfaransa Jean-François Champollion alitangaza kwamba amepata njia ya kuyasoma maandishi hayo. Jiwe la Rosetta, lililopatikana mwaka 1799, lilimsaidia sana, lakini silaha yake nyingine ilikuwa lugha ya Kikopti, ambayo alikuwa amejifunza tangu ujana wake. Kikopti ni Kimisri cha siku za mwisho, nacho huandikwa kwa herufi za Kigiriki pamoja na irabu zake zote. Wakristo wa Misri hukisoma kanisani hata leo. Humo neno lile la “nzuri” ni noufe: irabu yake ni ou, na r imekwisha kupotea.

Shahidi wa pili alitoka ardhini. Mwaka 1887 yalichimbuliwa huko Tell el-Amarna mabamba ya udongo, nayo yalikuwa barua ambazo wafalme wa nchi za jirani waliandikiana na mafarao katika karne ya 14 kabla ya Kristo. Barua hizo ziliandikwa kwa mwandiko wa kigeni unaoonyesha irabu. Jina la farao ambalo wasomi husoma Neb-maat-Ra, waandishi wale, waliosikia likitajwa, waliliandika Nimmureya. Basi mwisho wa jina, yaani neno la “jua”, ulitamkwa karibu na “reya” zama hizo, na katika Kikopti ukawa “re”. Mashahidi wawili wasiojuana wamekutana, na sauti iliyokufa imeanza kusikika.

Kwa lugha za Kibantu hapana Jiwe la Rosetta wala mabamba ya udongo. Aliyezisema mwanzo hakuandika kitu. Mashahidi ni vinywa vya watu walio hai, na mmoja wa wale wenye kumbukumbu nzuri zaidi ni Mgusii.

Tazama maneno haya. Mtu katika Ekegusii ni omonto, na mti ni omote. Kulima ni korema, kumi ni ikomi, tatu ni isato, na mbili ni ibere. Mara nyingi penye i ya Mswahili, Mgusii ametia e. Na penye u ya Mswahili, pana o. Mtu mwenye haraka atasema kwamba Mgusii hulegeza kinywa tu. Lakini kuiba ni koiba, wala si “koeba”, na mvua ni embura, wala si “embora”. Kwa nini i ya kulima igeuke e, na i ya kuiba ibaki i?

Jibu ni kwamba hazikuwa i moja. Lugha ya wahenga ilikuwa na irabu saba, wala si tano: i iliyobana na i iliyolegea, u iliyobana na u iliyolegea, pamoja na e, a na o. Kiswahili kiliziunganisha zile i mbili zikawa moja, na u mbili vivyo hivyo. Ekegusii kilizitunza zote saba. Kikuyu nacho, kilicho mbali upande wa Mlima Kenya, chatoa ushahidi ule ule: huko mti ni mũtĩ na kulima ni kũrĩma, na alama zilizo juu ya herufi zaonyesha ile irabu iliyolegea. Hapo ndipo shahidi wa pili anapothibitisha maneno ya wa kwanza, kama yale mabamba yalivyokithibitisha Kikopti.

Kiswahili hakikuweza kuzificha kabisa irabu kilizopoteza. Penye u iliyobana, konsonanti iliyotangulia iliharibika: b ikawa v, na k ikawa f. Ndiyo sababu embura ya Mgusii ni mvua, na gokwa, yaani kufa, imepata f. Lakini katika kumi, u ilikuwa ile iliyolegea, na k imesalimika. Mwenye kusema Kiswahili hutaja kila siku tofauti ya irabu ambazo babu zake waliacha kuzitofautisha zamani.

Turudi kwenye mafuta. Ikiwa f ya Kiswahili ilikuwa k, mbona Mgusii asema amaguta kwa g? Hapa pana kanuni nyingine, na yafaa kuijaribu kwa kidole. Weka kidole kooni utamke g, kisha t. Katika g koo hutetemeka. Katika t, na pia k na s, hutulia. Mgusii hapendi silabi mbili zifuatane zenye sauti za koo tulivu, na k ya kwanza huifanya g. Kwa hiyo hasemi “ekekombe” bali egekombe, hasemi “kokora” bali gokora, yaani kufanya. Lakini kwenda ni kogenda, kwa sababu g inayofuata yatetemesha koo tayari. Jina lenyewe la Ekegusii limebaki na k kwa sababu hiyo hiyo. Hata neno geni la kitabu lilipofika lilitiishwa, likawa egetabu.

Kanuni hii yaitwa Sheria ya Dahl, kwa heshima ya Edmund Dahl, mmisionari aliyefanya kazi Unyamwezi. Mjerumani Carl Meinhof ndiye aliyeieleza kwa jina hilo mwaka 1903. Basi g ya amaguta ni k iliyogeuzwa na t inayoifuata. Neno la wahenga lilikuwa na k, kisha u iliyobana, kisha t: karibu na “makuta”. Mswahili alibadilisha k kwa njia moja, Mgusii kwa njia nyingine, na wala hapana kati yao aliyelitunza zima.

Ekegusii kimechunguzwa tangu zamani. W. H. Whiteley alitoa kitabu cha kuwafundisha wageni lugha hiyo mwaka 1956, na mwaka 1960 akaandika juu ya nyakati za vitenzi vyake. Mwaka 2002 Jelle Cammenga alitoa kitabu kikubwa juu ya sauti na maumbo ya maneno yake. Hata hivyo mwandiko wa kawaida wa Ekegusii, katika Biblia na vitabu vya shule, una herufi tano tu za irabu kwa irabu saba za kinywani, wala hauonyeshi kupanda na kushuka kwa sauti. Ibere ni mbili, na amabere ni maziwa. Jichoni “bere” zote ni sawa. Kinywani ile ya maziwa ni ndefu tena ya wazi, na ile ya mbili imefinywa. Mzee wa Nyamira husoma bila kukosea kwa kuwa ayajua maneno kabla ya kufungua kitabu. Mtoto aliyelelewa Nairobi, ajifunzaye lugha ya babu yake kutoka kwenye ukurasa, yu katika hali ya msomi aliyeshika n, f na r mkononi.

Wakikuyu walikwisha kuchagua alama zao, na karani wao huziandika kila siku. Kwa Ekegusii kazi hiyo yaweza kufanywa maadamu wasemaji ni zaidi ya milioni mbili. Palipo na haraka zaidi ni Mugirango Kusini, penye lahaja ya Ekemaate, ambayo wasemaji wake ni wachache kuliko wale wa Ekerogoro. Huko yatakiwa kunasa sauti za wazee, neno kwa neno, wakitaja mifugo yao, mimea na viungo vya mwili.