KOMPYUTA NAYO YATAKA KUREMBWA, ILA CHUNGA MLANGO!

SISI watu wa huku kwa kuremba hatujambo. Daladala haliingii barabarani bila maneno kwenye kioo cha nyuma, kanga haiuziki bila jina, hata baiskeli ya muuza maziwa ina vimanjonjo vyake. Sasa kwa nini kompyuta uliyoinunua kwa jasho lako, kila asubuhi ikiwaka ikuonyeshe nembo ya kampuni ya watu?

Ndiyo maana kuna vijana duniani wametengeneza programu za kubadili ile picha ya mwanzo. Unaweka sura ya mwanao, jina la duka lako au hata timu yako. Na raha yenyewe ni ya bure!

Lakini ngoja kwanza, mpenzi msomaji, usikimbilie kubofya. Picha ile inakaa mlangoni, na mlangoni ndipo anapopita mwizi.

Enzi za Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, mambo yalikuwa mteremko. Aliyechoka kutazama yale mawingu alitengeneza faili liitwalo LOGO.SYS na kuliweka kwenye diski ya C. Jina linatisha, ila ndani ni picha tu. Ulichora kwa Paint iliyokuja na Windows yenyewe, ukalipa faili jina hilo, kazi kwisha.

Kasheshe ilikuwa kwenye vipimo. Picha ilitakiwa iwe na nukta 320 kwa upana na 400 kwa urefu, halafu kompyuta inaivuta kwa upande ienee kioo kizima. Kwa hiyo mchumba ilibidi umkondeshe kwanza kwenye faili awe kama mwiko, ndipo kwenye kioo arudie mwili wake. Ukisahau, anatokea kanenepa ghafla. Kesi hiyo!

Ilipokuja Windows XP mwaka 2001, mambo yakabana. Picha ilifichwa ndani ya faili la ntoskrnl.exe, na hilo ndilo moyo wa mfumo mzima. Ukilichokonoa ukakosea, kompyuta haiwaki tena. Hapo Stardock, kampuni ya Marekani, ikatoa BootSkin, programu ya bure iliyobadili picha bila kuligusa faili hilo. Rangi zilikuwa 16 tu, lakini watu walifurahi kama wamepata rangi zote za upinde wa mvua.

Mashine za siku hizi ni habari nyingine. Nembo ya kiwandani imekaa kwenye chipu, ndani ya programu iitwayo UEFI, ambayo ndiyo huamka kabla ya Windows. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows huipokea nembo hiyo na kuionyesha huku vinukta vikizunguka chini yake.

Kwa mashine hizo ipo programu ya bure iitwayo HackBGRT. Ujanja wake ni kujipenyeza katikati: chipu ikishaamka, Windows kabla haijaamka, yenyewe inabadilisha picha. Chipu haiguswi. Tatizo ni kwamba kuna mlinzi wa mlangoni aitwaye Secure Boot, ambaye programu asiyoitambua haipiti. Itabidi umzime, au uiidhinishe programu hiyo wewe mwenyewe.

Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, mabadiliko kama hayo yanaweza kuishtua. Kompyuta ikiwaka inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Huna? Umeula wa chuya! Kama una steshenari na kazi za wateja zimo humo ndani, siku hiyo utajificha chooni.

Unadhani natia chumvi kuhusu mwizi? Desemba 2023, kwenye mkutano wa Black Hat Europe mjini London, wataalamu wa kampuni ya Binarly walieleza balaa walilolipa jina la LogoFAIL. Programu za UEFI za AMI, Insyde na Phoenix, zinazotumika kwenye kompyuta za kampuni nyingi, zilikuwa na kasoro kwenye kuisoma picha ya nembo. Mtu mbaya akiipika picha kwa hila, inabeba amri zake. Amri hizo zinafanya kazi wakati kinga yako ya virusi bado imelala fofofo! Marekebisho yalitolewa, lakini hayajiweki yenyewe kwenye kila mashine.

Basi tusirembe? Aka! Remba, ila kwa akili.

Kwanza, nakili kazi zako zote pembeni. Pili, andika ule ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi na uuhifadhi, kisha isimamishe BitLocker kwa muda kabla ya kugusa chochote. Tatu, sasisha UEFI kutoka kwa mtengenezaji wa mashine yako. Nne, programu ichukue kwa mwenyewe aliyeitengeneza, si kwenye flashi ya mshkaji wa mtaani. Na uulize kwanza, maana kuna mashine, kama baadhi ya ThinkPad, ambazo kiwanda chenyewe kimeweka njia ya halali ya kubadili picha.

Ukiona hayo yote ni mlolongo, badili picha ya ndani, ile inayotokea Windows ikishawaka. Haina mlinzi wala haidai ufunguo, na mtoto wako atatabasamu vilevile.