Je, Wajua? Tumbo la Paka na Hesabu Zake

Baridi ya Juni na Julai ikikaza Iwawa, Njombe hadi Makambako, paka hana hamu ya kutoka nje. Anajilaza karibu na jiko, anakula, analala tena, na uzito unaingia bila hodi. Kabla hujamwongezea chakula, soma maajabu haya.

Hajui ladha ya sukari
Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza kwamba jeni mojawapo inayounda kipokezi cha utamu haifanyi kazi kwa paka, na vivyo hivyo kwa simbamarara na duma! Kumbe keki na chai ya sukari unayomwonjesha havimpi raha ya utamu hata kidogo. Vinamwongezea kalori za bure.

Panya wanane humtosha siku nzima
Panya mmoja mdogo ana kalori zipatazo 30. Paka wa kilo 4 anayeshinda ndani huhitaji kalori 200 hadi 250 tu kwa siku, na akishahasiwa mahitaji yake hupungua zaidi. Anayejiwindia hula milo midogo 10 hadi 20, mchana na usiku. Basi usimjazie sahani asubuhi: pima chakula cha siku, kisha mgawie kidogo kidogo.

Kilo moja kwake ni mzigo mzito
Paka wa kilo 4 akiongeza kilo 1, ameongeza robo ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo 17 na nusu, karibu sawa na kushinda umebeba debe la mahindi! Ndiyo maana paka mnene yuko hatarini kupata kisukari na maumivu ya viungo.

Maziwa si kinywaji chake
Makete ina nyanda za juu za Kitulo na shamba lake la ng'ombe wa maziwa, lakini paka wengi wakishakua hushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, wakaharisha. Tena kikombe kimoja cha maziwa halisi kina kalori zaidi ya 120, nusu ya mgawo wake wa siku. Mpe maji safi.

Mate yake hayakuumbiwa ugali
Mate ya binadamu huanza kumeng'enya wanga mdomoni. Ya paka hayawezi. Paka anayejiwindia hupata takriban asilimia 2 tu ya nishati yake kutoka kwenye wanga. Inayobaki yote ni protini na mafuta. Ukimchanganyia ugali na usipa wa Ziwa Nyasa, usipa wawe wengi na ugali uwe kidogo. Wachemshe bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Moyo wake unategemea nyama
Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waligundua kwamba paka wengi waliougua moyo uliotanuka walipungukiwa kirutubishi kiitwacho taurini, na wakiongezewa, moyo hupata nguvu tena. Taurini hupatikana kwenye nyama na samaki. Kwenye mahindi haimo. Kwa hiyo ukitaka kumpunguza uzito, anza kupunguza ugali, si kitoweo.

Kumfungisha ni hatari
Hili huwashangaza wengi: paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta ya mwili hujazana kwenye ini, na anaweza kufa! Mpunguze taratibu, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Kwa paka wa kilo 5 hiyo ni gramu 50 hadi 100 tu. Akigoma kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

Vidole vyako vinatosha kumpima
Mpapase ubavuni. Ukizigusa mbavu kwa urahisi bila kuziona, yuko sawa. Ukilazimika kubonyeza ili uzipate, amezidi. Ukitaka namba kamili, panda kwenye mizani umempakata, upime tena ukiwa peke yako, kisha utoe. Fanya hivyo kila mwezi, na chakula chake ukipange kwa namba hiyo, si kwa kelele anazopiga jikoni.