MZEE ALIYE MAKAONI ASISAHAULIWE

Mzee anapopelekwa kukaa katika makao ya wazee, jamaa zake hufarijika, wakiamini kwamba huko atapata chakula, dawa na mikono ya kumwinua. Imani hiyo ni njema, lakini isipoandamana na macho ya jamaa, huweza kumdhuru yule yule aliyepelekwa kutunzwa. Yaliyotokea Australia yatosha kuwa fundisho.

Katika mji wa Adelaide yalikuwapo makao ya Serikali yaliyoitwa Oakden, yaliyowatunza wazee wenye maradhi ya akili, wakiwemo waliopotewa na kumbukumbu. Wakaguzi waliyapitia wakayapasisha. Hata hivyo, mwaka 2016 familia moja iliona michubuko mwilini mwa mzee wao, ikauliza, isikubali kunyamazishwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulidhihirisha kwamba wazee walishikwa kwa ukali na kuzuiwa wasiondoke vitini. Makao hayo yakafungwa mwaka huo huo.

Mwaka 2018 nchi hiyo iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza utunzaji wa wazee. Taarifa yake ya mwisho, iliyotolewa Machi 2021, ilikuwa na mapendekezo 148. Tangu Aprili 2021 makao yanawajibika kuripoti mashambulio mazito katika muda wa saa 24.

Yafaa kufahamu kwamba kumpiga mzee si kofi peke yake. Kumfunga kitini, kumvuta kwa nguvu wakati wa kumwogesha, au kumnywesha dawa za usingizi ili asisumbue, yote hayo ni kumdhuru mwili. Mara nyingi ukatili huo huota mahali ambapo watumishi ni wachache, hawakufundishwa vya kutosha, na hakuna awasimamiaye usiku.

DALILI ZA KUANGALIA
Jamaa aangalie alama za vidole katika mikono ya juu, alama za kamba katika vifundo, usingizi usio wa kawaida, na hofu ya mzee mtumishi fulani anapoingia. Ngozi ya uzeeni huchubuka upesi, kwa hiyo asiharakishe kushutumu. Aulize kwa upole, aandike tarehe, amwonyeshe daktari, kisha amweleze msimamizi wa makao. Asiposikilizwa, apeleke habari kwa wakuu wa Serikali au polisi.

Fundisho hili lawahusu pia waume na wake walio kambini, mbali na wazazi waliowaacha mikononi mwa ndugu au mtumishi. Fedha zinazopelekwa kila mwezi hununua chakula na sabuni, lakini hazioni jeraha. Asiyeweza kwenda mwenyewe amwombe jirani mwaminifu apite kumsalimu mzee, bila kutangaza siku, akae naye faragha na kumsikiliza. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.