Uchovu wa Metali na Vipuri Vinavyochapwa

Waya ukipindwa mara moja haukatiki. Ukipindwa na kunyoshwa mara nyingi mahali pale pale hukatika, ingawa nguvu ya mkono haikuongezeka hata kidogo. Wahandisi hukuita huko kuwa ni uchovu wa metali, nao umeua watu wengi.

Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za aina ya Comet, zilizoundwa Uingereza, zilipasuka angani karibu na Italia: moja Januari karibu na kisiwa cha Elba, nyingine Aprili karibu na Naples. Watu 56 walipoteza maisha. Wachunguzi wa Farnborough waliitia ndege nyingine ya aina hiyo katika tangi la maji, wakaijaza maji kwa nguvu na kuilegeza, mara baada ya mara, kana kwamba inapaa na kutua. Baada ya jumla ya safari 3,057, za kweli na za kuigiza, kiwiliwili chake kilipasuka. Ndipo Comet zilipoundwa upya, na ni za aina hiyo mpya ambazo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya pamoja ya nchi jirani za eneo hili, lilianza kuzirusha mwaka 1960.

Somo hilo sasa limerudi kwa sura nyingine. Siku hizi vipuri huweza kuchapwa na mashine: unga wa metali hutandazwa, leza huuyeyusha panapotakiwa, kisha tabaka jingine hutandazwa juu yake, hadi kipuri kikamilike. Hivyo ndivyo vinavyotengenezwa viunzi vya kimia, yaani vijiti vyembamba vilivyoungana kama wavu. Wepesi wake huwavutia waunda ndege, na vile vya titani hutumika katika nyonga za bandia, kwa kuwa mfupa huota ndani ya matundu yake.

Lakini juu ya vijiti hivyo hugandia chembe za unga, na ndani yake hubaki vitundu vidogo. Kila kasoro ya namna hiyo yaweza kuwa mwanzo wa ufa. Kipande kizima huweza kusuguliwa kikawa laini. Ndani ya kimia tupa haifiki. Tena kijiti kimoja kikikatika, mzigo wake huviangukia vijiti jirani, mfano wa askari waliobeba gogo na mmoja wao akaanguka.

Kwa sababu hiyo, kukigandamiza kiunzi mara moja hakutoshi. Wapimaji huchukua vipande vingi vya aina moja, wakavipa mizigo tofauti, wakavigandamiza na kuvilegeza, na kuhesabu ni mara ngapi hadi kila kimoja kivunjike. Njia hiyo iliasisiwa na Mjerumani August Wöhler katika karne ya 19, alipochunguza ekseli za mabehewa ya reli. Kufikia mara milioni 10, kwa kasi ya mara 10 kila sekunde, mashine hufanya kazi zaidi ya siku 11 mfululizo kwa kipande kimoja tu.

Majeshi huvutiwa na mashine hizi, kwani kipuri huweza kuchapwa karibu na kambi badala ya kungojwa kutoka ng'ambo. Hata hivyo, kipuri kilichostahimili mzigo mzito mara moja hakijathibitisha kwamba kitastahimili mzigo mwepesi mara milioni. Yeyote anunuaye au achapaye hana budi kudai matokeo ya kipimo cha uchovu kabla askari hajapanda chombo hicho. Mdharau mwiba mguu huota tende.