Mkadiria Hasara ni wa Nani?

Mfanyabiashara wa visiwani aliyeunguliwa na duka, siku chache baada ya moto hufikiwa na mgeni mwenye kalamu na kamera. Huyo ni mkadiria hasara. Ametumwa na kampuni ya bima, na ujira wake hulipwa na kampuni hiyo hiyo. Hatusemi kwamba hatendi haki. Wengi wao ni waaminifu na kazi yao wanaijua. Lakini ni dhahiri kwamba penye pande mbili, upande mmoja tu ndio uliokuja na mtaalamu.

Je, mwenye mali naye aajiri wake? Huko Marekani jambo hilo ni la kawaida. Kimbunga Ian kilipokipiga kisiwa cha Sanibel, katika jimbo la Florida, tarehe 28 Septemba 2022, na kuikata barabara ya madaraja inayokiunganisha na bara, wanakisiwa wale walikuwa na haki ya kumwajiri mkadiria wa upande wao, mwenye leseni ya serikali, anayelipwa fungu la fidia yenyewe. Sheria ya huko imemwekea mpaka: asilimia 10 kwa madai yanayotokana na maafa yaliyotangazwa kuwa ya dharura, katika mwaka wa kwanza, na asilimia 20 kwa madai mengine. Mpaka huo haukuwekwa bure. Mtu aliyelala nje hutia saini upesi.

Hapa kwetu tunaona hatari moja ambayo haisemwi vya kutosha. Tuchukue duka lenye mali ya shilingi milioni 40, lililokatiwa bima ya milioni 30 ili kupunguza ada. Moto unateketeza mali ya milioni 20. Hati nyingi za bima ya moto zina sharti la uwiano: aliyekata bima ya robo tatu ya thamani hulipwa robo tatu ya hasara. Basi atapata milioni 15, si 20. Sasa anakuja mkadiria wa kukodi, anashinda hoja kwamba bei zote zilikadiriwa chini: mali ilikuwa ya milioni 60, na iliyoungua ni ya milioni 30. Ushindi mkubwa! Lakini bima sasa ni nusu ya thamani, na nusu ya milioni 30 ni milioni 15 ile ile. Akitoa asilimia 10 ya ujira, mwenye duka anabaki na milioni 13 na nusu. Amelipa fedha ili apate pungufu.

Kwa hiyo tunashauri hati isomwe kwanza, mkadiria atafutwe baadaye. Hasara ikiwa ndogo na risiti zipo, hana kazi ya kufanya. Ubishi ukiwa ni iwapo nyumba imebomolewa na upepo au na maji ya bahari ambayo hati haiyafidii, huo ni ubishi wa sheria, na anayehitajika ni wakili. Mkadiria wa mtu binafsi hufaa pale hasara ilipo kubwa na yenye mchanganyiko, jengo la mawe na chokaa, mashine na bidhaa kwa pamoja, au pale bidhaa zilizosalimika na moto zinapohesabiwa kuwa nzima ilhali moshi umekwisha kuziharibu. Hata hapo, ujira na uhesabiwe juu ya nyongeza tu, yaani kile kinachozidi ahadi ya kwanza ya kampuni iliyoandikwa. Na hati ya kukubali malipo ya mwisho isitiwe saini kabla ya hesabu kueleweka.

Viongozi nao wana sehemu yao. Sheria ya Bima ya mwaka 2009, inayotumika Bara na Zanzibar, inawataka wakadiria wawe na leseni, na imeweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hayo ni mema. Tunaomba mambo mawili zaidi: mdai apewe nakala ya ripoti ya mkadiria wa kampuni bila kuisumbukia, na anayekata bima aelezwe sharti la uwiano kwa Kiswahili, siku ile ile anapolipa ada yake ya kwanza, awe yupo Darajani au Wete.