SAA NA TUMBO: NANI AKUONGOZE KATIKA KULA?

Kila siku, mbele ya kuwasha mashini yako, unatazama mafuta, maji na magurudumu. Hungoji isimame katikati ya njia ndipo uitafutie mafuta. Na mwili wako, ulio mashini ya kwanza ya kazi, unauangalia namna gani?

Kati yetu kuna watu wa namna mbili. Mumoja anasema: «Mimi ninakula wakati ninaposikia njaa. Tumbo linajua.» Mwingine anasema: «Saa ya kula imefika, ninakula. Bukari ikiwa kubwa ao ndogo, ninaimaliza.» Nani ana haki? Kila mumoja ana haki nusu. Soma tukueleze.

TUMBO NI MUSHAHIDI MWEMA

Tazama mutoto anayenyonya. Akishiba, anageuza kichwa na kuacha ziwa. Hakuna aliyemufundisha. Mungu aliweka kipimo ndani ya mwili wa kila mutu. Mwaka 1995, wanamuke wawili wa Marekani, wafundi wa mambo ya chakula, Evelyn Tribole na Elyse Resch, walitoa kitabu chenye kufundisha watu wazima kusikiliza tena kipimo hicho: kula ukiwa na njaa, kuacha ukishiba.

Lakini habari ya kushiba haikimbii. Toka tumboni mpaka kichwani inachukua karibu dakika 20. Mutu anayemaliza sahani katika dakika tano amekwisha kupita kipimo mbele ya kupata habari. Na katika nyumba nyingi watu wanakula katika sahani moja. Kila mumoja anaharakisha mukono kwa kuogopa wenzake wasimalize mboga. Mwenye mbio anapita kiasi, na mutoto mudogo anabaki na njaa. Kisha tunamwambia yule aliyeshiba: «Maliza!» Hivyo tunamufundisha kutosikia tumbo lake.

LAKINI TUMBO LINADANGANYWA

Mushahidi mwema pia anaweza kukosea. Angalia mara nne.

1. Kiu. Mutu mwenye kukaushwa na joto mara nyingine anafikiri ni njaa. Mara nyingine joto linamuondolea hamu yote ya kula. Kama unafanya kazi mahali pa joto, kunywa kikombe kimoja cha maji kila dakika 15 ao 20. Usingoje kiu.

2. Usingizi. Mutu aliyelala kidogo, mwili wake unaongeza alama za njaa na kupunguza alama za kushiba. Anatafuta sukari na mafuta, kumbe anachokosa ni kitanda.

3. Usiku. Ndani ya mwili mna saa inayofuata jua. Usiku tumbo linafanya kazi polepole, na sukari ya chakula inakawia kutoka katika damu. Bukari nzito katikati ya usiku inaleta usingizi na kiungulia.

4. Njaa iliyozuiwa. Mutu aliyekaa siku nzima bila kula hana kipimo tena. Mangaribi anakula sahani tatu, na asubuhi hana hamu ya kula. Kesho inakuwa vile vile.

KAZI HAINGOJI NJAA

Mufikirie mufanyakazi aliyetoka nyumbani asubuhi bila kula. Muke wake alimuwekea chai na mihogo. Akajibu: «Sina njaa.» Hakusema uwongo: asubuhi sana watu wengi hawasikii njaa. Nyuma ya saa tano za kazi, mikono inatetemeka, jasho baridi linatoka, akili inakuwa nzito. Yuko juu ya ngazi, ao anaongoza kamio yenye tani nyingi za mawe. Sasa ndipo tumbo linaita. Lakini chakula kiko mbali, na ngazi haina huruma.

Siku atakapoanguka watu watasema: aliteleza. Hakuna atakayesema: hakukula.

SHERIA MOJA RAHISI

Basi tugawanye kazi kati ya wakubwa hawa wawili. Saa iseme WAKATI GANI. Tumbo liseme KIASI GANI.

Maana yake: usikose chakula cha wakati wake, hata kama njaa haijafika. Kama hamu ni ndogo, kula kidogo: kikombe cha uji, ndizi, karanga, kipande cha mukate. Nyuma ya siku chache mwili utazoea, na njaa itaanza kuja kwa saa yake. Lakini ukikaa mezani, kula polepole, tafuna vizuri. Ukifika nusu ya sahani, ngoja kidogo na ujiulize: «Bado nina njaa, ao mukono unakwenda wenyewe?» Ukishiba, acha. Kinachobaki kifunikwe vizuri, na mbele ya kukila kipashwe moto sana.

Kwa wale wa posti ya usiku, kutoka saa 22 mpaka saa 6 ya asubuhi, fuata hivi:

— Mbele ya kazi: chakula kikubwa, pamoja na jamaa ya nyumbani.
— Katikati ya posti: kitu kidogo tu, kama mayai, karanga, matunda ao mukate. Na maji.
— Asubuhi mbele ya kulala: chakula chepesi, ili njaa isikuamushe. Usinywe kahawa katika saa za mwisho za posti.
— Ukiamuka: chakula cha kweli, chenye mboga.

Na mahali popote pa kazi: vua nguo zenye mavumbi, nawa mikono na uso kwa sabuni, kisha kula katika chumba cha kulia. Mavumbi ya madini yaliyo mikononi yanaingia tumboni pamoja na bukari.

NDANI YA CHUNGU

Saa na tumbo havisemi kitu gani kiwe ndani ya sahani. Hiyo ni kazi ya akili, na ni shauri la mume na muke pamoja. Bukari inaleta nguvu, lakini peke yake haijengi mwili. Weka maharagi ao karanga kandoni: maharagi yanaleta kile ambacho mahindi yanakosa. Ongeza ndagala, tomsoni, yai ao nyama kwa kadiri ya mufuko. Usikose majani: sombe, lengalenga, matembele. Sombe itwangwe na kuchemuka kwa muda mrefu ili sumu yake itoke. Shirika la Afya la Dunia linashauri mutu muzima ale gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na munyu usipite gramu 5, ni kusema kijiko kidogo kimoja.

Jihazari na vitu vinavyopita bila tumbo kuvihesabu. Chupa moja ya limonade ya santilita 33 inaweza kuwa na gramu 35 za sukari, ni sawa na vipande saba. Utaimaliza, na njaa yako itabaki. Pombe pia si chakula, na lutuku ni adui: inaharibu usingizi, ini na mfuko.

MWISHO WA MWEZI

Ni vigumu kumwambia mutu asikilize njaa yake kama chungu ni kitupu. Katika nyumba nyingi, juma la kwanza nyuma ya mushahara ni nyama na chupa. Juma la mwisho ni bukari na munyu. Watoto wanaumia zaidi. Siku ya mushahara, mbele ya kitu kingine, nunueni unga, maharagi, mafuta na samaki kavu vya mwezi muzima. Mutoto mudogo apewe sahani yake peke yake. Tumbo lake ni dogo: ale mara tatu kwa siku, na kitu kidogo mara mbili kati ya hizo. Akikataa, usimulazimishe; lakini kama anakataa kila siku, mupeleke kwa munganga.

WAGONJWA WAFUATE MUNGANGA

Mwenye ugonjwa wa sukari asiongozwe na njaa tu. Afuate saa za dawa na za chakula alizopewa. Kama mwenzako mwenye ugonjwa huu anatetemeka, anatoka jasho na kusema ovyo, asimamishe kazi, umupe vipande vitatu vya sukari, ungoje dakika 15. Akiwa bado vile vile, umupe tena. Akipata nafuu, ale. Lakini kama amezimia, usimutie kitu kinywani: umulaze ubavu na uite waokozi mbio.

Ndugu mufanyakazi, leo jioni fanya jaribu hili. Kaa na jamaa yako, kula polepole, na utazame dakika ngapi zinapita mbele ya tumbo kusema: «Yatosha.» Na kesho asubuhi, kikombe cha uji kikiwa mezani, usikiruke.

SAA IKUITE MEZANI, TUMBO LIKUONDOE.